Gustave Doré na Safari ya Jahanamu

Ni wasomaji wachache wa Dante, tangu nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, walioifikia Jahanamu yake bila kupitia mikononi mwa Gustave Doré. Hata asiyewahi kusoma mshororo mmoja wa utenzi huo huenda amekutana na picha zake mahali: mzee mwenye ndevu akiwavusha wafu kwa mashua, wapenzi wawili wakipeperushwa na tufani isiyotulia, shetani mkubwa kama mlima aliyegandishwa barafuni. Picha hizo hazikuchorwa na Mwitalia, wala si za enzi za Dante. Zilitoka kwa Mfaransa aliyezaliwa zaidi ya miaka mia tano baada ya kifo cha mshairi, ambaye hadi anaingia kaburini aliona uchungu kwamba walimwengu walimsifu kwa vitabu ilhali yeye alitaka kusifiwa kwa jambo jingine.

Doré alizaliwa tarehe 6 Januari 1832 mjini Strasbourg, katika jimbo la Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Babake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja. Mamake, Alexandrine Pluchart, alimpenda mwanawe huyu kwa namna iliyozidi kiasi, akaamini tangu mapema kwamba amezaa mtu asiye wa kawaida. Mji wenyewe ulitawaliwa na kanisa kuu la kale ambalo mnara wake mmoja uliinuka juu ya paa zote, na si mbali na hapo kulikuwa na milima ya Vosges na misitu yake ya misonobari. Mambo haya mawili, jiwe lililochongwa kwenda juu na msitu mzito usiopenya mwanga, hayakumtoka kijana huyo maishani. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, kazi ya baba iliihamishia familia mjini Bourg-en-Bresse. Huko nako mtoto alijaza daftari zake za shule kwa michoro ya wanyama waliovaa nguo za watu, walimu wenye pua ndefu, na mashujaa wa visa vya Kigiriki.

Baba alitaka mwanawe awe mhandisi kama yeye. Mwaka wa 1847 familia ilipozuru Paris, mvulana huyo wa miaka 15 alikwenda peke yake kwa Charles Philipon, mchapishaji mashuhuri wa magazeti ya vibonzo, akamwonyesha kazi zake. Philipon alikuwa mtu aliyeshitakiwa na kufungwa kwa ajili ya vibonzo vya kumkejeli mfalme, na jicho lake halikuwa la kudanganyika. Mwaka uo huo alimchapishia kijana kitabu cha michoro ya kuchekesha kuhusu kazi za Hercules, na mwaka wa 1848 mkataba ulitiwa sahihi: Doré angesoma katika shule ya Charlemagne jijini Paris huku akilitolea gazeti la Philipon mchoro kila wiki. Mwaka wa 1849 baba alifariki. Tangu hapo kalamu ya kijana huyo ikawa tegemeo kubwa la mama na nduguze wawili. Hakupata mwalimu wa sanaa, wala hakupita katika chuo chochote cha uchoraji. Jambo hili wakosoaji wa Paris hawakulisahau, na walikuja kulitumia dhidi yake.

Vibonzo vilimpa chakula, lakini yeye hakutaka kufa mchora vibonzo. Picha zake za hadithi za Rabelais zilitoka mwaka wa 1854, na za visa vya mzaha vya Balzac mwaka wa 1855. Ni katika kipindi hicho alipojiandikia mpango ambao kwa kijana wa miaka 23 ulikuwa karibu na wazimu: kutia picha, katika majalada makubwa ya umbo moja, vitabu vikuu vya fasihi ya ulimwengu. Homer alikuwamo, Virgil, Ariosto, Cervantes, Milton, Shakespeare. Dante ndiye aliyetangulizwa.

Dante Alighieri, mzaliwa wa Florence wa mwaka wa 1265, alifukuzwa mjini kwake mwaka wa 1302 kwa sababu za kisiasa na akafia ughaibuni, mjini Ravenna, mwaka wa 1321. Utenzi wake, Divina Commedia, una sehemu tatu, Jahanamu, Toharani na Paradiso, zilizogawanywa katika nyimbo 100 zenye mishororo zaidi ya 14,000. Beti zake ni za mishororo mitatu mitatu, ambazo mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili angeziita tathlitha, ila vina vyake vimesukwa mithili ya mnyororo: kina cha mshororo wa kati wa ubeti mmoja huwa ndicho kina cha mishororo ya kwanza na ya tatu ya ubeti unaofuata. Mshairi mwenyewe ndiye msafiri. Anaongozwa na Virgil, mshairi wa Kirumi, hadi kwenye kina cha dunia na kupanda mlima wa Toharani, kisha anapokewa na Beatrice, mwanamke aliyempenda ujanani, anayempandisha mbinguni.

Doré hakuwa wa kwanza kuujaribu utenzi huu. Botticelli aliuchorea katika karne ya kumi na tano. John Flaxman, Mwingereza, aliutolea mwaka wa 1793 michoro ya mistari mitupu isiyo na kivuli. William Blake alifariki mwaka wa 1827 akiwa ameacha michoro 102 ya rangi na bamba saba tu za shaba ambazo hakuzimaliza. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyemfikia msomaji wa kawaida kwa kiwango cha kumkaa akilini. Doré alitaka kitabu kikubwa, kizito, cha bei ghali, chenye picha ya ukurasa mzima karibu kila baada ya kurasa chache, na akakipeleka wazo lake kwa Louis Hachette, mchapishaji tajiri wa Paris. Hachette alikataa kuutia mtaji wake hatarini. Kitabu cha faranga 100, katika soko lililozoea vitabu vya bei ndogo mno kuliko hiyo, kingemnunua nani? Doré akaamua kugharimia kazi yenyewe kwa fedha alizozichuma katika vibonzo, naye mchapishaji akakubali kuweka jina lake na kuuza.

Kitabu kilitoka mwaka wa 1861, kikiwa na matini ya Kiitalia pamoja na tafsiri ya nathari ya Kifaransa ya Pier-Angelo Fiorentino, na picha 75 mbali na sura ya Dante mwenyewe. Husimuliwa kwamba Hachette alikuwa amejalidi nakala 100 tu na kutilia shaka hata hizo, na kwamba baada ya siku chache alimtumia Doré simu ya kumwita haraka huku akijitukana mwenyewe kwa upumbavu wake. Iwe simu hiyo iliandikwa vivyo hivyo au imetiwa chumvi na wapenda visa, kitabu kilinunuliwa. Mwaka uo huo Doré alitunukiwa nishani ya taifa ya Légion d'honneur. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Inafaa kueleza namna picha hizo zilivyotengenezwa, maana humo ndimo ulimokuwa ufundi wake na ndimo ulimochipuka msiba wake. Katika karne hiyo kitabu chenye picha kilichapwa kwa vibao vya mti mgumu sana, uliosafirishwa kutoka kusini mwa Ulaya na nchi za Uturuki. Gogo lilikatwa kukingama shina, si kwa urefu wake, hivi kwamba uso wa kibao ulikuwa laini kama pembe na uliweza kuchongwa kuelekea upande wowote bila kupasuka. Mti huo haukui mnene. Kwa picha kubwa vibao vidogo viliunganishwa na kukazwa kwa skrubu. Mchoraji alichora juu ya kibao. Mchongaji akaja na patasi nyembamba, akaondoa kila mahali palipotakiwa pawe peupe, akaacha pameinuka palipotakiwa pashike wino. Kibao kikachapwa pamoja na herufi za risasi katika mtambo mmoja, au nakala yake ya chuma ikatumiwa ili kibao chenyewe kisichakae.

Wachoraji wengi walimpa mchongaji mistari naye akaifuata. Doré hakufanya hivyo. Alipaka juu ya kibao wino uliozimuliwa kwa maji, hapa mzito, pale mwepesi, akamulika kwa rangi nyeupe, kana kwamba anachora picha ya rangi. Hapakuwa na mstari wa kufuata. Mchongaji alilazimika kuamua mwenyewe ni mistari mingapi myembamba, iliyokaribiana kiasi gani, ingeweza kuleta kiza cha pango au ukungu juu ya maji. Kwa maneno mengine, alikuwa mfasiri, na kila mwenye kufasiri anajua kwamba kazi hiyo si ya kubadilisha neno kwa neno. Doré akakusanya mafundi aliowaamini, akawazoeza mkono wake: Héliodore Pisan, aliyechonga sehemu kubwa ya Jahanamu, Adolphe Pannemaker, Gusman na wengineo. Ndiyo maana picha nyingi zina sahihi mbili, ya Doré upande mmoja na ya mchongaji upande wa pili. Wasifu mwingi humtaja mmoja na kuwapita hawa wengine kimya, na hiyo si haki.

Jambo la kusikitisha ni kwamba patasi ilipokuwa ikiizaa picha, ilikuwa pia ikiuangamiza mchoro. Kila alichokipaka Doré juu ya kibao kilichongolewa na kupotea. Aliyezoea kusema kwamba kazi zake bora ziko vitabuni alikuwa akisema, pasipo kukusudia, kwamba mkono wenyewe wa msanii hauonekani tena popote. Baadaye kamera ilipoanza kutumiwa kuhamishia michoro kwenye vibao, baadhi ya michoro asilia ilinusurika. Lakini kwa Jahanamu mambo yalikuwa yamekwisha.

Basi nini kilichomo katika picha hizo? Ya kwanza inamwonyesha Dante peke yake katika msitu, akigeuza shingo kutazama nyuma, mizizi na magugu yakiwa yameujaza udongo miguuni pake. Utenzi hauelezi mizizi hiyo. Mshairi ametumia maneno machache kusema msitu ulikuwa wa giza na mkali. Misitu ya utotoni ndiyo iliyolijaza pengo hilo. Hivi ndivyo Doré anavyofanya kazi katika kitabu kizima: Dante ni mshairi wa maneno yaliyobanwa, na mchoraji anazikalia nafasi alizoachiwa. Miili ya waliolaaniwa, yenye misuli iliyokakamaa, ameiazima kwa Michelangelo. Majabali, maporomoko na anga nzito ni vyake mwenyewe, naye aliyapanda mara nyingi milima ya Alps.

Mbinu yake kubwa ni ukubwa wenyewe. Dante na Virgil karibu daima ni watu wawili wadogo, waliovaa kanzu ndefu, wamesimama kando ya jabali wakitazama chini, na mtazamaji anasimama nyuma yao. Francesca na Paolo wanapita mbele yao wakiwa wamekumbatiana, na nyuma ya wapenzi hao msururu wa roho nyingine unajipinda kama moshi hadi zisitambulikane. Farinata anainuka kutoka kaburi la moto. Waliojiua wamekuwa miti yenye vigogo vya kiwiliwili na matawi ya mikono, na ndege wenye nyuso za wanawake wametua juu yao. Bertran de Born ameshika kichwa chake mwenyewe mkononi kama taa. Kwa habari ya Ugolino, aliyefungiwa mnarani Pisa pamoja na watoto hadi njaa ikawaua, Doré anapunguza vishindo: hapana majabali, hapana umati, ni chumba na miili tu, na pengine ndipo mahali ambapo picha inakaribia zaidi utulivu wa kutisha wa mshairi. Kwingineko mtu anaweza kulalamika, na kwa haki, kwamba mchoraji anapenda fahari ya mandhari kuliko mazungumzo, ilhali watu wa Jahanamu ya Dante wanajulikana kwa kusema. Wana siasa, wana vijembe, wana kiburi. Picha inawanyamazisha.

Msomaji aliyeuzoea ushairi wa pwani ya Afrika Mashariki hatakuta mambo mageni kabisa hapa. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, unaifikisha nafsi kwenye milango ya moto na kuitaja mioto hiyo kwa majina, na tendi za Miraji zinasimulia safari ya Mtume mbinguni na yale aliyoonyeshwa. Ukaribu huu huenda si wa bahati. Mwaka wa 1919 msomi wa Kihispania, Miguel Asín Palacios, alidai kwamba Dante alinufaika na masimulizi ya Kiislamu ya Miraji, na mjadala alioufungua haujafungwa. Tofauti ni kwamba utenzi wa pwani ulifika kwa sauti, na kila msikilizaji alijichorea moto wake moyoni. Jahanamu ya Dante, baada ya 1861, ilifika ikiwa imekwisha kuchorwa.

Katika mwaka huohuo wa 1861 Doré alipeleka kwenye maonyesho rasmi ya Paris turubai kubwa la rangi za mafuta, lenye upana wa zaidi ya mita nne, linalowaonyesha Dante na Virgil kwenye duara la tisa, miongoni mwa wasaliti walioganda barafuni. Hii ndiyo kazi aliyotaka ipimwe. Vitabu vilikuwa riziki na umaarufu. Uchoraji wa rangi ulikuwa heshima. Wakosoaji walitazama, wakasema ni picha ya kitabu iliyokuzwa. Hukumu hiyo ilirudiwa kwa maneno mbalimbali katika miaka yote iliyofuata, na haikuwa ya uonevu mtupu. Rangi zake aghalabu zilikuwa hafifu kuliko kivuli chake. Lakini wakosoaji hao pia walishindwa kumsamehe mtu aliyejifunza sanaa nje ya mlango wao, kisha akatajirika.

Waingereza walimpokea kwa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1860 ukumbi ulioitwa kwa jina lake ulifunguliwa katika barabara ya New Bond jijini London, ukaonyesha picha zake kubwa za kidini kwa watu waliolipa kiingilio, na ukaendelea hadi mwaka wa 1892. Heshima aliyonyimwa nyumbani aliipata ng'ambo ya bahari, lakini kwa mtu wa Paris hiyo ni heshima nusu.

Vitabu havikukoma. Ngano za Perrault zilitoka mwaka wa 1862, Don Quixote mwaka wa 1863, Biblia na Paradise Lost ya Milton mwaka wa 1866. Mwaka wa 1868 alimaliza alichokianza kwa Dante, akatoa Toharani na Paradiso pamoja. Idadi ya picha inasema mengi: 75 za Jahanamu, 42 za Toharani, 18 tu za Paradiso. Mwanga ni mgumu kuchongwa. Katika mbao, nuru ni mahali ambapo fundi ameondoa, na mbingu ya Dante ni nuru juu ya nuru. Hata hivyo, katika picha ya malaika waliojipanga duara juu ya duara kama petali za waridi, huku Dante na Beatrice wakisimama wadogo na weusi mbele ya jicho la mwanga, Doré na mchongaji wake walipata jibu ambalo halijapitwa kwa urahisi.

Vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871 vilimkuta Paris, naye akabaki humo wakati wa kuzingirwa. Baada ya vita Alsace ilichukuliwa na Ujerumani, na mji aliozaliwa ukawa nchi ya kigeni. Mwaka wa 1872 kilitoka kitabu chake cha London, chenye michoro 180 na maelezo ya Blanchard Jerrold. Baadhi ya Waingereza walikasirika kwamba aliwaonyesha vichochoro vya njaa. Picha ya wafungwa wa Newgate wakizunguka uani kwa mduara, kati ya kuta zisizoonyesha anga, ina sura yote ya duara za Jahanamu, ila hawa walikuwa hai. Vincent van Gogh aliinakili kwa rangi mwaka wa 1890.

Doré hakuoa. Aliishi na mamake katika nyumba ya barabara ya Saint-Dominique, na mama huyo alipofariki mwaka wa 1881 marafiki waliona kwamba nguzo imeondoka. Alikuwa amegeukia uchongaji sanamu, labda kwa matumaini kwamba mlango huu mpya ungemfikisha alikokataliwa na ule wa zamani. Alikuwa pia akiyaandaa majalada ya Shakespeare, yale yaliyoorodheshwa tangu ujana. Tarehe 23 Januari 1883 alifariki ghafla akiwa na umri wa miaka 51, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Shakespeare hakukamilika. Sanamu yake ya ukumbusho wa mwandishi Alexandre Dumas ilizinduliwa jijini Paris mnamo Novemba mwaka huo, naye hakuiona ikisimama.

Mwaka wa 1911 Waitalia walitoa filamu ndefu ya Jahanamu, na waigizaji wakapangwa majabalini kama walivyopangwa katika vibao vya Pisan: mashua ile, tufani ile, kichwa kile kilichoshikwa kama taa. Turubai la duara la tisa nalo limehifadhiwa katika monasteri ya Brou, huko Bourg-en-Bresse, mji ambamo Doré alijaza daftari za shule kwa michoro. Anayetaka kuliona hana budi kusafiri hadi huko.